Maombi ya MBA: Maswali Ninayoulizwa Kila Dirisha Linapofunguliwa

Kila ifikapo Julai simu yangu huanza kujaa ujumbe. Kuna wa Dar, wa Mombasa, wa Kampala, wengine wako Muscat au Lubumbashi. Wote wanataka kusoma MBA, yaani shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara, nje ya nchi, na maswali yao yanafanana. Nimeyakusanya hapa. Mimi niliomba mara mbili. Mwaka wa kwanza nilikataliwa na shule zote nne. Mwaka wa pili nilipata shule moja ya Ulaya, kozi ya mwaka mmoja, na sehemu ya ada ikalipwa na ufadhili. Kabla ya hapo nilikuwa nimefanya kazi miaka sita katika kampuni ya uwakala wa forodha bandarini Dar es Salaam, ndiyo maana mifano yangu mingi ni ya malori na makontena.

Dada, nitajuaje kama MBA inanifaa?

Anza na kazi unayoitaka, kisha urudi kwenye shahada. Kama wewe ni mhasibu na unataka kuwa mkuu wa fedha hapo hapo ulipo, cheti cha uhasibu kama CPA au ACCA kitakufikisha mapema zaidi na kwa pesa kidogo zaidi. Kama unataka kubobea katika takwimu au uchumi, tafuta shahada ya uzamili ya fani hiyo. MBA ya kutwa nzima humfaa anayetaka kubadili njia: mhandisi anayetaka kuendesha kiwanda, daktari anayetaka kusimamia hospitali tano, ofisa wa benki anayetaka kuwekeza mitaji kwenye kampuni changa.

Na usiwahi mno. Wengi wanaoingia wana miaka minne hadi sita kazini, kwa sababu darasani mnafundishana kwa yale mliyoyapitia. Aliyemaliza chuo mwaka jana bado hana mengi ya kuchangia.

Nianze maandalizi lini?

Hesabu kwa kurudi nyuma. Shule nyingi za Marekani huanza masomo Agosti au Septemba. Raundi ya kwanza ya maombi hufungwa Septemba au mwanzoni mwa Oktoba ya mwaka unaotangulia, na majibu hutoka Desemba. Raundi ya pili hufungwa mwanzoni mwa Januari, majibu Machi. Raundi ya tatu ni Aprili. INSEAD ya Ufaransa hupokea wanafunzi mara mbili kwa mwaka, Januari na Agosti, kwa hiyo ina tarehe zake.

Sisi tunaohitaji viza na ufadhili, raundi ya tatu tuiache. Nafasi zimebaki chache, pesa za ufadhili zimeshagawiwa, na miadi ya ubalozi inaweza kuchukua wiki nyingi. Ukitaka kuingia darasani Septemba ya mwaka kesho, mtihani wa kujiunga, GMAT au GRE, uwe umekwisha kufikia Julai ya mwaka huu. Agosti na Septemba ni za insha za maombi tu. Usichanganye kukariri hesabu na kuandika habari za maisha yako katika juma moja. Mimi nilijaribu, na vyote viwili vikaharibika.

GMAT au GRE?

Karibu shule zote kubwa hupokea wowote kati ya hiyo miwili. Fanya jaribio moja la bure la kila mtihani, kisha chagua ule uliokukalia vizuri. Wenye GMAT wanatoa majaribio mawili ya bure kwenye tovuti yao rasmi, na wenye GRE vilevile.

Wengi hukosea kwa kutumia vitabu vya zamani, kwa hiyo soma hapa kwa makini. GMAT ilibadilika Novemba 2023, na ule wa zamani ukafungwa rasmi mwisho wa Januari 2024. Wa sasa una sehemu tatu za dakika 45 kila moja: hesabu, maswali 21, lugha na ufahamu, maswali 23, na uchambuzi wa data, maswali 20. Insha imeondolewa. Jiometri imeondolewa. Yale maswali ya kusahihisha sarufi ya sentensi, yaliyowasumbua sana kaka na dada zetu waliotutangulia, nayo hayapo. Kikokotoo kinaruhusiwa kwenye sehemu ya data peke yake. Alama zinaanzia 205 hadi 805, na zote huishia na tarakimu 5.

Mjomba aliyesoma Marekani mwaka 2010 akikwambia bila 700 usijisumbue, mshukuru, lakini elewa kwamba anazungumzia kipimo kingine. Kwa kulinganisha nafasi ya mtahiniwa kati ya wenzake, 645 ya sasa inakaribiana na ile 700 ya zamani. Nimeona kijana mwenye 655 akitaka kuahirisha maombi kwa aibu, kumbe alikuwa na alama nzuri kabisa.

GRE nayo ilifupishwa Septemba 2023. Sasa inachukua chini ya saa mbili, ina insha moja, na alama za hesabu na za lugha ni 130 hadi 170 kila upande. Kikokotoo kipo kwenye skrini katika hesabu zote. Waliokaa muda mrefu bila kushika hesabu huiona nafuu, ila msamiati wake ni mgumu. Alama za mitihani yote miwili hudumu miaka mitano.

Ukifanyia mtihani nyumbani kwa mtandao, tafuta mahali penye umeme wa uhakika. Unaweza kuwa na intaneti nzuri, halafu jirani akachomelea geti lake ukapotea hewani katikati ya swali. Kama kuna kituo mjini kwako, nenda kituoni.

GPA yangu, wastani wa alama za chuo, ni 3.2. Nimeshaharibu?

Kwanza uliza: 3.2 kati ya ngapi? Vyuo vikuu vya Tanzania hutumia kipimo cha 5. Daraja la kwanza huanza 4.4, daraja la pili la juu ni 3.5 hadi 4.3, na daraja la pili la chini ni 2.7 hadi 3.4. Makerere nao kipimo chao ni cha 5. Mmarekani amezoea kipimo cha 4. Ukimwandikia 3.7 bila maelezo, hajui kama wewe ni karibu bora wa darasa au ni wa katikati. Kenya shida ni nyingine: asilimia 70 ndiyo A na ndipo daraja la kwanza linapoanzia, ilhali Marekani mwenye 70 anaonekana kanusurika. Mkenya mwenye asilimia 64, daraja la pili la juu kamili, anaweza kusomwa kama mvivu.

Usibadilishe alama zako mwenyewe kwenda kipimo cha 4, isipokuwa fomu ikuagize. Andika zilivyo kwenye transkripti, na kwenye kisanduku cha maelezo ya ziada eleza kwa sentensi mbili madaraja ya chuo chako yalivyo. Kama idara yako inaweza kukupa barua inayosema ulikuwa wa ngapi kati ya wangapi, iombe leo. Barua hiyo ina nguvu kuliko maelezo yoyote utakayoyatoa wewe. Aliyesoma kwa Kifaransa, Lubumbashi au Bujumbura, apeleke transkripti yake pamoja na tafsiri ya mtafsiri anayetambulika.

Na kama kweli ulifanya vibaya? Sema sababu kwa ufupi, bila kulaumu mhadhiri wala mgomo, kisha onyesha kilichofuata: alama nzuri za hesabu kwenye GMAT, masomo ya CPA uliyofaulu, kazi ya takwimu unayoifanya sasa. Aya moja inatosha. Nimesoma maelezo ya kurasa mbili kuhusu somo moja la mwaka wa pili, na nilipomaliza somo hilo ndilo pekee nililolikumbuka kuhusu mwombaji.

Nilisoma ualimu. Nitaweza kushindana na waliosoma biashara?

Ndiyo. Shule hizi hutafuta mchanganyiko, na mwalimu aliyeendesha shule ya sekondari yenye wanafunzi 800 amesimamia watu, bajeti na wazazi wenye hasira. Onyesha tu kwamba hesabu haitakushinda.

Je, mtihani wa Kiingereza?

Kama shahada yako ya kwanza yote ilifundishwa kwa Kiingereza, shule nyingi hukusamehe. Soma masharti ya kila shule. Zikitaka IELTS au TOEFL, kumbuka alama zake hudumu miaka miwili tu.

CV yangu ina kurasa tano. Nipunguze?

Ibaki ukurasa mmoja. Ondoa picha, dini, hali ya ndoa, namba ya kitambulisho, shule ya msingi, na orodha ya semina za siku mbili mbili. Hizo ni desturi za CV za kwetu. Huko hazisaidii kitu.

Kisha angalia vitenzi. "Nilihusika na usimamizi wa malori" haimwambii msomaji lolote. "Nilipanga upya ratiba ya malori 40 yanayokwenda Lubumbashi, muda wa kukaa mpakani ukashuka kutoka siku sita hadi nne" inamwambia ulichokishika, ukubwa wake na kilichotokea. Kila mstari uwe na kitendo, ukubwa na matokeo. Kama hukuwahi kupima, rudi kazini ukatafute namba: stoo, uhasibu, daftari la mlinzi getini. Mimi nilizipata nyingi kwenye daftari la mlinzi.

Usiache mambo ya mtaani kwako. Mweka hazina wa kikoba cha wanawake 30, katibu wa chama cha ukoo, kocha wa timu ya watoto: huo ni uongozi. Ila mgeni hajui kikoba ni nini, kwa hiyo mweleze kwa maneno machache: watu wangapi, pesa kiasi gani zinazunguka kwa mwaka, wewe unaamua nini. Na kwenye sehemu ya lugha, Kiswahili kiandike cha kwanza.

Ni kosa gani kubwa unaloliona kwenye insha?

Ni kiambishi kimoja: tu-. Tulipunguza gharama, tulianzisha mradi, tulifanikiwa.

Tumelelewa hivyo. Mtoto wa "mimi, mimi" hukemewa, na mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Malezi hayo nayapenda na nisingetaka mwanangu ayakose. Lakini yanatufuata hadi kwenye insha ya Kiingereza, na kamati ya udahili haiwezi kulipatia kundi zima la ofisi kiti kimoja. Inachagua mtu mmoja, na inahitaji kumwona.

Baada ya kukataliwa mwaka wa kwanza nilimpa rafiki yangu wa Mombasa rasimu zangu azisome. Akanirudishia jioni ile ile. "Nimesoma kurasa mbili, najua kampuni yenu ilifanya nini. Sasa wewe, mwenzangu, ulifanya nini?" Nilikaa kimya. Nilikuwa nimeandika kuhusu malori yetu kukwama Tunduma na jinsi "timu ilivyoboresha utendaji". Ikabidi nikae chini nikumbuke siku zenyewe.

Ilikuwa hivi. Kwa wiki tatu nilikuwa nikiandika kwenye daftari saa ambayo kila lori limefika mpakani. Nikagundua yanayotoka Dar Alhamisi jioni yanafika Jumamosi usiku, na mtu wetu wa upande wa Nakonde hafungui ofisi Jumapili. Nikampelekea bosi. Akakataa, kwa sababu wateja walitaka mzigo uondoke mara tu unapotoka bandarini. Nikamwomba malori kumi tu ya majaribio. Madereva nao wakagoma, maana kubadilisha siku ya kuondoka kuligusa posho yao ya safari, jambo ambalo sikuwa nimelifikiria kabisa. Nikaenda kukaa nao kwenye kibanda cha chai nje ya yadi, siku mbili, hadi tukaelewana juu ya posho. Malori mawili ya kwanza yalichelewa hata hivyo, kwa nyaraka nilizozituma mimi zikiwa na kosa. Yaliyofuata yakavuka vizuri.

Hiyo ndiyo ikawa insha yangu ya mwaka wa pili, pamoja na posho niliyoisahau na nyaraka nilizokosea. Sikuwa nimejisifu popote. Nakupa kipimo ninachokitumia hadi leo: kama dereva aliyekuwepo siku ile angesoma sentensi yako akasema "ndivyo ilivyokuwa", basi umetoa ushahidi. Kama angecheka, ifute. Na pale ambapo wengine walifanya, wataje kwa kazi yao. "Mwenzangu wa stoo ndiye aliyebuni fomu, mimi nikaipeleka kwa madereva" inakuonyesha wewe vizuri zaidi kuliko "tulibuni fomu".

Maswali ya insha hubadilika, kwa hiyo soma ya mwaka wako. Harvard, kwa mfano, mwaka 2024 iliacha insha yake moja na kuweka tatu fupi. Stanford kwa miaka mingi imeuliza jambo gani lina thamani kubwa kuliko yote kwako, na kwa nini. Swali hilo usilijibu kwa jambo unalodhani wanataka kulisikia. Waulize mama yako na rafiki yako wa miaka kumi wewe huwa unahangaikia nini. Mara nyingi wao wanajua kabla yako.

Nikieleza nilivyokulia katika shida, itanisaidia?

Itasaidia kama inaelezea uamuzi fulani uliofanya. Usiiweke ili uhurumiwe. Kibatari na kutembea kilomita saba kwenda shule ni kweli kwa wengi wetu, lakini msomaji akishahuzunika bado atauliza: halafu ukafanya nini? Sentensi mbili za ulikotoka, kisha twende kazini. Na jambo ambalo hujawahi kumwambia hata ndugu yako, kama kifo au ugomvi wa nyumbani, si lazima umwambie mtu usiyemjua Boston.

Wanauliza malengo yangu. Nikisema nataka kuwa mjasiriamali na kusaidia jamii?

Hilo ni jema, lakini limesemwa na kila mtu. Lishushe chini mpaka liwe na mahali. Tuseme unataka parachichi za Njombe zifike sokoni Ulaya bila kuoza. Basi sema: baada ya masomo nataka miaka mitatu katika kampuni ya usafirishaji wa mazao kwa makontena ya baridi, nijifunze bei na mikataba; kisha nirudi nijenge vyumba vya kupoozea karibu na wakulima. Halafu sema unachokikosa leo: sijui kutafuta mtaji, sijawahi kusimamia watu zaidi ya kumi. Hapo ndipo shule inapoingia, kwa somo fulani, kituo fulani, wahitimu fulani uliozungumza nao.

Zungumza nao kweli. Tafuta Mtanzania au Mkenya aliyemaliza shule hiyo, mwandikie ujumbe mfupi wa heshima, mwombe dakika 20, na uwe na maswali ambayo tovuti haiyajibu.

Bosi kasema: "Andika mwenyewe hiyo barua, mimi nitasaini." Nifanyeje?

Swali hili huniuma, kwa sababu karibu kila mtu wa kwetu hukutana nalo, na bosi huwa anasema kwa nia njema kabisa. Kwake barua ya mapendekezo ni karatasi yenye nembo, mhuri, na maneno matatu: mchapakazi, mwaminifu, ana heshima. Haoni ubaya.

Usiandike. Shule zinataka maneno yake yeye. Wasomaji wao wameshaona maelfu ya barua, na insha na barua mbili zikiwa na mwandiko wa mtu mmoja wanazitambua. Ukigundulika, maombi yote yanakwenda na maji.

Tena siku hizi si karatasi. Unaingiza barua pepe yake kwenye mfumo, anatumiwa kiungo, anajibu maswali. Mawili hujirudia karibu kila mahali: mtu huyu akilinganishwa na wenzake wa kazi kama hiyo yukoje, kwa mifano, na, ni ushauri gani mkubwa uliowahi kumpa kuhusu mapungufu yake, naye aliupokeaje? Swali la pili huwashtua mabosi wetu. Wanadhani kutaja upungufu ni kukuharibia, kwa hiyo huandika "hana mapungufu". Mweleze mapema kwamba jibu la kweli ndilo linalokusaidia.

Ninachowashauri watu ni hiki. Mwendee wiki sita kabla, siku ambayo hana haraka. "Mzee, najua una mambo mengi. Barua lazima iwe yako, wao wanakagua. Nimekuletea kumbukumbu ili nikupunguzie kazi." Umpe ukurasa mmoja wenye matukio matano mliyoyapitia pamoja, tarehe zake na namba zake, bila sifa hata moja. Akitaka mzungumze, kaa naye nusu saa mkumbushane. Kama Kiingereza cha kuandika kinamtesa, waulize ofisi ya udahili kama anaweza kuandika kwa Kiswahili na mtu mwingine, asiwe wewe, akatafsiri.

Mchague anayekujua. Mkuu wa kitengo aliyekuona ukikosea na kurekebisha ana thamani kuliko mkurugenzi mkuu aliyekusalimu kwenye kikao, na kuliko mbunge wa jimbo lenu. Shule nyingi hupenda mmoja awe bosi wako wa sasa. Kama kumwambia kunahatarisha ajira yako, tumia bosi uliyetangulia kuwa naye, au mteja, kisha eleza sababu kwenye fomu. Atumie barua pepe ya kazini. Mwenye biashara yake mwenyewe amtafute mteja mkubwa, msambazaji au ofisa wa benki aliyemkopesha. Ndugu wa damu hapana, hata kama ndiye mbia.

Usaili unakuwaje?

Inategemea shule. Harvard ni dakika 30 na mtu wa ofisi ya udahili aliyesoma maombi yako yote, kwa hiyo maswali huingia ndani moja kwa moja. Stanford mara nyingi ni mhitimu wao, na hajasoma insha zako. INSEAD hukutana na wahitimu wawili, kila mmoja kwa wakati wake. Baadhi ya shule huongeza maswali ya video unayojibu peke yako mbele ya kamera.

Jizoeze kwa sauti na mtu, siyo kichwani. Jibu moja lisizidi dakika mbili. Wengi wetu tumefundishwa kuinamisha macho mbele ya mkubwa. Kwenye kamera heshima hiyo husomeka kama woga, kwa hiyo tazama lenzi. Uwe na bando kwenye mitandao miwili, na namba ya simu ya dharura uliyoituma kabla.

Saa ziandike kwa namna mbili. Saa 7:00 mchana ya Boston wakati wa baridi ni saa 3:00 usiku kwetu, ambayo wao wangeiita tisa. Nimemwona mtu makini kabisa akikosa usaili kwa kuchanganya saa ya Kiswahili na saa ya Kizungu. Kaagize kalenda ya simu ibadilishe yenyewe.

Pesa nitazitoa wapi?

Tuseme ukweli: miaka miwili katika shule kubwa ya Marekani, ada na maisha, hupita dola 200,000. Mwaka mmoja Ulaya ni nafuu, lakini bado ni pesa nyingi.

Mlango wa kwanza ni shule yenyewe. Harvard hutoa ruzuku kwa kuangalia uwezo wa mwombaji, kwa hiyo mwenye kipato cha kwetu asijitoe kabla hajauliza. Stanford ina ufadhili maalumu wa MBA kwa raia wa nchi za Afrika, wenye sharti la kurudi kufanya kazi barani, na pia Knight-Hennessy, ambao ni wa fani zote na una maombi yake ya pekee. INSEAD ina ufadhili wa Greendale kwa watu wa Afrika Mashariki na Kusini waliokulia katika uhitaji. Kwa Uingereza kuna Chevening: masomo ya mwaka mmoja, saa 2,800 za kazi kabla ya kuomba, na kurudi nyumbani kwa miaka miwili. Kwa MBA wameweka kikomo cha ada, kwa hiyo hesabu pengo litakalobaki.

Mlango wa pili ni mikopo ya wanafunzi wa kimataifa isiyohitaji mdhamini, kama ya Prodigy Finance. Angalia kama nchi yako na shule yako zimo, na usome riba hadi mwisho. Wa tatu ni ndugu. Harambee na michango ya ukoo imewapeleka wengi, lakini tafadhali, usiuze kiwanja wala usiitishe mchango kabla hujashika barua ya kukubaliwa. Na ada ya kuomba, ambayo kwa shule kubwa inaweza kufika dola 250 au zaidi, shule nyingi huisamehe ukiandika mapema na kueleza kipato chako.

Jina la cheti na la pasi ya kusafiria halifanani.

Jisajili mtihani kwa jina la pasi, herufi kwa herufi, la sivyo utarudishwa mlangoni na ada itapotea. Kwa vyeti, tengeneza hati ya kiapo kwa wakili inayosema majina yote ni ya mtu mmoja, na uiambatishe. Wanawake waliobadili jina baada ya ndoa, hili lifanyeni kwanza kabisa.

Kuna wakala anasema ana uhakika wa kunipatia nafasi.

Hana. Ndugu yangu mmoja alimlipa mtu wa namna hiyo akiba ya mwaka mzima, akaandikiwa insha ambayo baadaye tuliikuta mikononi mwa mwombaji mwingine, jina tu limebadilishwa. Nilikasirika, na hasira haijaisha. Mshauri wa kweli husoma, huuliza, hukuambia palipo dhaifu. Anayekuandikia au kukuahidi nafasi, mkimbie.

Vipi kutumia akili mnemba kuandika insha?

Soma kanuni ya kila shule, maana hazifanani, na uifuate. Kwa kukagua tahajia, sawa kama inaruhusiwa. Lakini kile kibanda cha chai nje ya yadi hakimo kwenye mashine yoyote.

Lazima iwe Marekani au Ulaya?

Hapana. Kama kazi yako na wateja wako wako hapa, angalia Shule Kuu ya Biashara ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mzumbe, taasisi ya usimamizi ya ESAMI pale Arusha, au Strathmore ya Nairobi. Nyingi zina ratiba za jioni au mwisho wa wiki. Afrika Kusini, shule za Cape Town na Stellenbosch zina ithibati zote tatu zinazoheshimiwa duniani: AACSB, EQUIS na AMBA. Ushauri wa insha na barua niliotoa hapo juu utakufaa huko pia.

Nimekataliwa kote. Niombe tena?

Omba, kama kuna kilichobadilika. Shule nyingi huwauliza wanaorudi: tangu mwaka jana umefanya nini? Mimi sikurudia mtihani. Nilipunguza shule kutoka nne hadi mbili, nikatupa insha zote, nikabadilisha mmoja wa waliokuwa wameniandikia barua, na kazini nikaomba kusimamia watu kwa mara ya kwanza. Wiki mbili za mwanzo, lakini, nilipumzika. Ruhusa hiyo jipe.

Nimeshatuma, ndiyo nimeona kosa. Nitakufa!

Hutakufa. Herufi moja iliyoruka, iache. Kama ni tarehe ya ajira, mshahara, au alama za mtihani, waandikie ofisi ya udahili leo hii, mistari mitatu: namba ya maombi yako, kosa lilipo, na taarifa iliyo sahihi. Kisha zima kompyuta ukalale.